Ukuta Uliopakwa kwa Ajili ya Bwana Afya

Ukungu ulianza nyuma ya kitanda cha Nala, chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Doa la kijani, dogo kama kiganja chake. Nilidhani ni rangi ya maji aliyotoka nayo chekechea, nikalifuta kwa kitambaa na kulisahau. Likarudi na ndugu zake. Kufikia Novemba lilikuwa limepanda hadi dirishani, jeusi, lenye manyoya kama mkate uliosahauliwa kabatini, na kifua cha mwanangu kilikuwa kimeanza kutoa sauti.

Nala ana miaka minne. Nikimlaza kifudifudi mapajani na kuweka sikio mgongoni mwake, nasikia kama paka mchanga aliyefungiwa mahali. Daktari wa kliniki ya watoto alisema ni pumu inayoanza, akatupa dawa ya kuvuta na kikopo chake, kisha akasema, kwa upole wote wa watu wenye nyumba kubwa, kwamba ni vizuri mtoto huyu asilale kwenye chumba chenye ukungu. Kana kwamba vyumba ni viatu, ukichoshwa na hivi unavaa vingine. Sisi tuna chumba kimoja na sebule, Tensta, mtaa wa pembezoni mwa jiji, ghorofa ya tatu. Chumbani alikuwa akilala Nala na bibi yake, sebuleni mimi na mume wangu Josiah kwenye kochi la kukunjua. Tukamhamishia Nala kwetu, tukabanana watatu kama punje kwenye gunzi. Ukuta ni uleule, umepinda kona tu. Haukupita muda ukungu ukatuchungulia nyuma ya televisheni. Na kuhama ndiyo usiseme. Foleni ya nyumba ya jiji hili mtu hujiandikisha akiwa na nywele nyeusi, akaitwa akiwa na mvi.

Kampuni ya nyumba ilimtuma Anton. Anton ndiye msimamizi wa majengo ya upande wetu, kijana mwenye ndevu zilizotunzwa kuliko bustani zetu zote. Aliutazama ukuta kama mtu anavyomtazama mtoto wa mwenzake anayelia dukani.

"Mnapika mara ngapi kwa siku?" akaniuliza.

"Kila tukisikia njaa."

"Mnachemsha vitu?"

"Maharagwe mabichi hatuli."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari aliyepata ugonjwa. Mvuke, akasema. Mvuke wa kupika, mvuke wa nguo, mvuke wa pumzi za watu wengi. Akafungua dirisha kwa vidole viwili, baridi ikaingia na kukaa nasi kama mgeni asiyejua kuaga, akanifundisha kupunga hewa. Waswidi wana neno lake, vädra, na wanalitamka kama watu wengine wanavyotamka amina. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, na ukungu utakwenda zake. Nikamwambia kwamba Gratien, Mrundi anayeishi juu yetu, ana ukungu huohuo pahali palepale, na Gratien anaishi peke yake na chakula chake ni mkate mkavu. Anton akasema atalifikiria. Aliondoka akaniachia kijikaratasi chenye picha ya mama wa nywele za dhahabu anafungua dirisha huku anatabasamu, nadhani nje ya dirisha lake kuna bahari.

Tukapunga hewa. Tukapunga mpaka Mama, mama mkwe wangu, akawa anakaa jikoni na koti na kofia kama mtu anayesubiri basi. Ukungu ukanenepa.

Lazima niseme habari za Mama, maana bila yeye hii si hadithi. Alikuja kututembelea kutoka Webuye, magharibi mwa Kenya, anisaidie kulea wakati mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee mchana na kusoma jioni ili siku moja kazi hiyohiyo niifanye kwa cheti. Ni mwanamke mrefu, msafi wa kutisha. Anafua vitambaa vya kufulia. Kiswidi hajui hata neno moja, na Nala naye humjibu kwa Kiswidi, lakini wanaelewana, sijui vipi. "Umelala vipi, mama mdogo?" bibi humwuliza. "Bra," mtoto hujibu, yaani vizuri, halafu anakohoa, na bibi anajua kwamba hajalala vizuri.

Darasani kwangu kuna dada aliyenieleza kwamba mpangaji ana haki ya kuliita jiji likague nyumba, na jiji likiona ubaya linaiamuru kampuni kutengeneza. Nikapiga simu. Nikajibiwa na Lovisa, mkaguzi wa afya ya mazingira, sauti ya msichana, hana maneno mengi. Atakuja Jumanne, akasema, na mtu wa kampuni ataitwa awepo. Na mpaka afike, ukuta usiguswe.

Nikaenda nyumbani na furaha yangu. Nikawaambia mezani, "Jumanne bwana afya anakuja kukagua nyumba." Sikuwaambia ukuta usiguswe. Nani angeugusa? Ulikuwa umekaa pale miezi.

Mama akaweka kijiko chini. "Bwana afya?"

"Ndiyo Mama. Wa jiji."

"Jumanne hii?"

"Hii."

Akaendelea kula, ila polepole. Ningemtazama usoni ningejua.

Jumatatu nilitoka kazini giza limeshaingia, yaani saa kumi alasiri. Nilipofungua mlango harufu ikanipiga. Jiki, na juu ya jiki rangi. Kwenye korido alisimama Roselyn, kilemba kichwani, mikono ya shati imekunjwa, anaosha rola ya rangi ndani ya ndoo yangu ya kudekia.

Roselyn ni mwenyekiti wa maombi ya akina mama, Mkenya mwenzetu wa miaka mingi hapa. Amenunua nyumba yake Tumba, na tangu anunue hutamka neno "wapangaji" kwa sauti ile watu wanayotamkia "chawa".

"Karibu," akaniambia, nyumbani kwangu.

"Mmefanya nini?"

"Tumekusitiri, dadangu. Mama alinipigia simu asubuhi amechanganyikiwa, nikatoa gari. Hebu kaone."

Nikaenda kuona. Chumba kilikuwa cheupe. Kitanda kimerudishwa, shuka limenyooshwa, pazia limefuliwa. Ukuta wote, kutoka sakafuni mpaka dari, uling'aa kama meno ya mtu kwenye tangazo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Nala, magoti yamefika kidevuni, amechoka, mkono mmoja una rangi mpaka kwenye kiwiko, na uso wake una amani ambayo sijaiona tangu ashuke kwenye ndege.

"Sasa aje," akasema.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini?"

Akanishangaa. "Kwa nini nini? Mtu wa afya aingie akute ukuta ule? Wewe hujui bwana afya. Mimi nikiwa msichana alikuwa anapita kwetu na pikipiki. Anaangalia choo, anaangalia kichanja cha vyombo, anaangalia hata mtungi. Akikuta uchafu unaitwa kwa chifu mbele ya watu. Siku tukisikia yuko kijiji cha jirani, mama yangu anatuamsha sote, ukuta unapakwa chokaa, ua unafagiwa, choo kinawekwa majivu. Akifika anavua kofia. Nyumba yetu hajawahi kuiandika. Hata mara moja."

"Huyu nimemwita mimi."

"Umemwita?"

"Nimemwita aje auone ukungu, Mama. Ndiyo maana anakuja. Ili aone."

Kwenye korido rola ikaacha kusuguliwa.

"Umemwita mtu wa serikali," Mama akasema taratibu, "aje aone uchafu wako."

"Si wangu. Ni wa kampuni."

Roselyn akacheka, akaja kusimama mlangoni anajifuta mikono. "Uchafu wa kampuni. Stellah, haki ya Mungu. Uko nyuma ya kitanda cha mtoto wako, au nyuma ya kitanda cha kampuni?"

"Mtoto anakohoa, Roselyn."

"Watoto wote wanakohoa, ni Desemba. Mimi wangu wawili wamekohoa wakakua, mmoja yuko chuo kikuu Flemingsberg. Nilimsugulia ukuta, sikuita jiji." Akashusha sauti, ile sauti yake ya kufunga maombi. "Sisi Wakenya tuna jina zuri hapa. Hatuombi, hatulalamiki, hatuiti wakaguzi. Usituharibie. Na wapangaji wakianza kushtaki, kampuni inajua kuwatoa."

Nilitaka kumjibu kwamba jina zuri halijawahi kumsaidia mtoto kuvuta pumzi. Lakini alikuwa mgeni, na alikuwa ameinama siku nzima kusugua ukuta wangu, na goti lake ni bovu. Watu wa namna hii hukuumiza kwa kazi ngumu, ili usipate hata pa kuwachukia. Nikamwambia asante. Nikampa chai.

Josiah alirudi kutoka kuendesha basi lake, akasimama mlangoni mwa chumba, akautazama ukuta muda mrefu.

"Lakini rangi imepakwa vizuri," akasema.

Nikamwambia akanawe, ale.

Usiku huo Mama aliniambia jambo moja tu, akiwa anakanda unga wa kesho. "Ukimwambia mgeni mbele yangu kwamba mama mkwe wako ndiye amepaka ili kuficha uchafu, nikatie tiketi ya kurudi Webuye. Sikutishii. Nakueleza." Na mtoto wangu akakohoa sebuleni, kikohozi kile kikavu cha kuvuta kamba, na sisi wawili tukakisikiliza mpaka kikaisha. Hakikuisha upesi.

Jumanne asubuhi nilipiga simu nimwarifu Lovisa, nikasikiliza muziki wa kusubiri mpaka nikaujua. Nikakata kabla hajapokea mtu, maana nikiahirisha, tarehe nyingine itakuwa baada ya mwaka mpya, hilo alishaniambia. Nikaacha waje.

Mama alivaa gauni la kanisani. Chapati zilipangwa mezani kama mnara, kuna chai ya maziwa yenye tangawizi, kuna na vikombe ambavyo sisi wenyewe haturuhusiwi kunywea. Walipofika, Anton na ndevu zake, na Lovisa mdogo mwembamba na mkoba wa vifaa, Mama akamtafuta bwana afya nyuma yao kwenye ngazi.

"Ni huyu," nikamwambia.

"Huyu msichana?"

"Ndiye."

Akamtazama juu chini, akaamua kumheshimu. "Mwambie karibu. Mwambie akae kwanza ale, nyumba haikimbii."

Lovisa akasema asante, ila angependa kuona chumba kwanza. Anton akasema asante, akakaa. Hilo lazima nilikubali: mtu aliyekuja kunifundisha kwamba kupika kwetu kunaua majengo, alikula chapati tatu akiwa bado amevaa koti.

Lovisa aliingia chumbani, akasimama. Akaniangalia. Akaweka kifaa chake ukutani, akakisoma, akakiweka pengine, akakisoma tena, kisha akagusa ukuta kwa kidole na kidole kikarudi kina weupe.

"Ni rangi mbichi," akasema. "Kifaa kinapima unyevu wa rangi. Siwezi kuandika chochote hapa."

Anton alikuwa amekuja mlangoni na kipande cha chapati mkononi. "Mimi naona ukuta mzuri sana," akasema. "Ingawa umepakwa bila ruhusa."

"Umepakwa lini?" Lovisa akaniuliza.

"Jana."

"Na nani?"

Mama alikuwa nyuma yetu, ameshika birika, anatabasamu kwa kila anayemtazama. Nikasema, "Sisi. Watu wa nyumba."

"Nilikuambia usiguswe. Kwa nini mmepaka?"

"Kwa sababu ulikuwa unakuja."

Niliona hakuelewa, na sikujua Kiswidi cha kumweleza bwana afya wa pikipiki, na chokaa, na kofia iliyovuliwa. Alishusha mabega. Akasema rangi ikauke, atajaribu kupata nafasi nyingine, pengine mwishoni mwa Januari. Akaanza kufunga mkoba. Huo mkoba ukifungwa, nilijua, Nala anamaliza majira yote ya baridi na ule ukungu, chini ya rangi nyeupe, na kampuni ina cheti cha ukuta mzuri.

Basi Anton akacheka. Si kicheko kibaya, ndilo lililoniudhi. Kicheko cha mtu mwema. Akamwambia Lovisa, kwa sauti ya watu wawili wenye nyumba wanaozungumza juu ya mbwa wa jirani: "Unaona sasa? Hii ndiyo hali. Wala si kosa lao. Walikotoka wanaishi karibu na nje, hawajazoea nyumba ya kutunza. Unaweza kuwapa nyumba safi, usafi wenyewe huwezi kuwapa. Wanapaka juu."

Lovisa akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Anasema nini huyu anayecheka?" Mama akaniuliza.

Nifahamike hapa. Kazi yangu katika nyumba hii, mbali na zile nyingine, ni kutafsiri, na nina namna yangu ya kutafsiri. Maneno huwa nayaosha kwanza. Daktari akisema bibi asimpe mtoto dawa za mitishamba, mimi humwambia Mama daktari anashukuru kwa malezi. Mama akisema huyu daktari ni mtoto, aite mkubwa wake, mimi humwambia daktari Mama anashukuru. Hivyo ndivyo wakwe wengi tunavyoishi huku, na amani ya nyumba zetu yote imesimama juu ya uongo wa namna hiyo. Alipokuja Anton mara ya kwanza, nilimwambia Mama kijana ametushauri tufungue dirisha, ana adabu sana. Mama akamwombea.

Nikamtazama Nala kupitia mlango. Alikuwa amekaa chini ya meza ya jikoni na mwanasesere wake, anampa dawa ya kuvuta kwa kikombe cha chai.

"Anasema," nikamwambia Mama, "kwamba si kosa letu. Tulikotoka tunaishi nje, hatujazoea nyumba. Anasema tunaweza kupewa nyumba safi, lakini usafi hatuwezi kupewa. Anasema tunapaka juu."

Mama hakubadilika uso. Akaweka birika juu ya kabati la Nala.

"Rudia."

Nikarudia, neno kwa neno, sikuosha hata moja.

"Amesema hivyo na chapati yangu mdomoni?"

"Ndiyo Mama."

Akamtazama Anton, kwa utulivu, kama anavyomkagua kuku sokoni asiyestahili bei yake. Kisha akaenda sebuleni, akachukua sahani ya Anton, na ile nyingine yenye mnara wa chapati, akazipeleka jikoni na kuzifunika. Mtu wa kwetu angejua kwamba hapo ameshafukuzwa, ameshalaaniwa, na habari zake zitafika kwao kabla yake. Anton alibaki na kipande chake mkononi, hajui akimeze au akirudishe.

Mama akarudi na chuma chake cha kugeuzia chapati.

"Mama, subiri," nikasema.

"Nisubiri nini? Uzuri wa huu ukuta niliuweka mimi. Nitauondoa mimi." Akasukuma kitanda kwa paja. "Mwambie bwana afya asogee, asije akachafuka. Mwambie hivyohivyo, usinipunguzie."

Nikamwambia Lovisa. Lovisa akasogea, na akaacha mkoba wazi.

Ukuta wa nyumba hii umebandikwa karatasi, na rangi ya Roselyn ilikuwa juu ya karatasi. Mama akapitisha chuma kwenye maungio, karibu na dirisha, akakipindisha, akashika pembe na kuvuta. Nilidhani itachanika vipande. Ikaja nzima, nzito, inateleza, na sauti kama ngozi ya mbuzi inayochunwa. Upande wa mbele mweupe, upande wa nyuma mweusi, umelowa unachuruzika. Na nyuma yake, hadi juu, mahali ambapo hakuna maharagwe wala pumzi iliyofika, ukuta ulikuwa mweusi wote. Harufu ikatoka, ya udongo, ya chini ya jiwe. Mama akasukuma chuma kwenye plasta nacho kikazama kama kwenye uji.

Hata yeye akarudi nyuma hatua. "Yesu," akasema, kwa sauti ndogo. "Mtoto alikuwa analala hapa. Mimi nililala hapa."

"Huu ni uharibifu," Anton akasema. "Karatasi ni mali ya kampuni. Tutawadai."

"Anasema?"

"Anasema karatasi ni yao, tutalipa."

"Mwambie hatukatai. Ni yake." Akamkabidhi. Akaikunjua ile karatasi ndefu iliyolowa, akaiweka mikononi mwa Anton kama anayemvisha kanga, na koti lake zuri la kampuni likapata doa kutoka begani hadi mfukoni.

Lovisa alikuwa amevaa barakoa. Alipiga picha, akakwangua vumbi na kuliweka kwenye kichupa, akatia kifaa chake ndani ya plasta nacho kikalia mlio mrefu. Akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole, akasikiliza, akamuuliza Anton nini kiko nyuma. Anton akasema hajui. Akauliza tena. Anton akasema labda ni mahali panapopita mabomba. Gratien wa juu pia ana ukungu, nikasema mimi, pahali palepale, na hachemshi kitu. Lovisa akaniuliza Gratien yuko nyumbani sasa. Nikasema Gratien yuko nyumbani siku zote.

"Basi tunapanda," akasema. "Na wewe," akamgeukia Anton, "ninataka mahali pa mabomba pafunguliwe. Utapata amri kwa maandishi. Lakini mtoto hawezi kukaa na ukuta huu mpaka maandishi yafike, kwa hiyo anza kupiga simu."

Anton akatoka kwenye ngazi kupiga simu. Tulimsikia. Sauti ile ya kunifundisha kupunga hewa ilikuwa imekonda, imekuwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu. Hapana, alikuwa anasema. Hapana, sikufungua. Niliangalia tu kwa nje.

Walipoondoka tulifunga mlango wa chumba, tukaziba chini kwa taulo kama Lovisa alivyotuelekeza. Mama alivua gauni la kanisani akalifua pale pale. Hakunitazama. Simu yake ikalia, ni Roselyn, na sauti ya Roselyn husikika hata bila spika.

"Ehe, Mama Josiah. Bwana afya ameuonaje ukuta?"

"Ameupenda," Mama akasema. "Ameupiga picha nyingi."

"Si nilikuambia."

"Uliniambia, mwanangu. Ubarikiwe." Akakata, akaendelea kufua.

Nilimpikia chai, safari hii kwenye vile vikombe vizuri, maana nani mwingine wa kumngoja. Alikaa. Nala akaja kumwegemea na mwanasesere wake, anapumua kwa ile sauti yake. Kifua hakijui kwamba kuna amri inakuja kwa maandishi. Mama akaweka kiganja mgongoni mwake, kile chenye rangi nyeupe kwenye kucha, akakiacha hapo.

"Maneno ya yule kijana," akaniambia bila kuniangalia, "siku zote huwa hivyo?"

"Mengi, Mama."

"Na wewe huniambia ana adabu."

Nikamwongezea chai.

"Leo ukaniambia kwa sababu ulinihitaji."

"Ndiyo."

Akanywa chai. Akafikiri. Mama akikukasirikia huchukua muda wake, kama anavyochukua muda kuchagua mchele. "Tangu leo," akasema mwisho, "niambie yote. Nina miaka sitini na tano, maneno ya mtu anayekula kwangu hayawezi kuniua. Ukinificha, mimi nitapaka tena."

"Sawa, Mama."

"Watakuja kweli hao wa mabomba?"

"Watakuja." Na nilikuwa ninaamini, Mungu wangu, pamoja na Anton na ndevu zake nilikuwa ninaamini. Kulikuwa na sauti ya Lovisa juu yetu bado, kwa Gratien, anagonga ukuta.

"Na wasipokuja?"

"Tutabandua na ule wa sebuleni. Tutamwita tena."

Mama akasogeza televisheni kwa macho, akakadiria. Akamwambia Nala asogee kidogo.

"Basi mwache bibi amalize chai," akasema.